Ugonjwa Ukikuzuia Kufanya Kazi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya msaada kwa mtu ambaye ugonjwa umemtoa kazini.

Tuchukue mfano wa fundi wa nyumba aliyepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki, ulimi ni mzito. Je, aanzie wapi?

Aanze kwa kupimwa ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Abebe kitambulisho na karatasi zake zote za matibabu. Madaktari hawatafuti jina la ugonjwa tu. Wanataka kujua mwili umeshindwa na nini.

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Daktari akiuliza, "Unaendeleaje?" mgonjwa hujibu, "Sijambo, nashukuru Mungu." Baba, mama, siku hiyo usijikaze! Sema wazi: "Siwezi kufunga vifungo vya shati. Nashikwa mkono kwenda chooni." Usitie chumvi, wala usifiche. Anayekutunza nyumbani akusindikize, naye aeleze anayoyaona.

Ripoti ikipitishwa, utaandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, upewe kadi. Kumbuka, kadi peke yake haileti pesa. Kila msaada una masharti yake.

Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa upande wa ulemavu, mpango huu ni wa familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, anayehitaji kutunzwa usiku na mchana. Muulize chifu au afisa wa huduma za jamii uandikishaji utafanywa lini.

Je, ulikuwa ukichangia NSSF? Ikithibitishwa kuwa hutaweza kufanya kazi tena, unaweza kudai mafao yako bila kungoja umri wa kustaafu.

Na kama uliumia kazini, iko Sheria ya Fidia ya mwaka 2007. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi. Madai yapelekwe kabla miezi 12 haijaisha tangu siku ya ajali.

Mwisho, kupimwa ulemavu si kukata tamaa. Endelea na dawa za presha na mazoezi ya viungo. Na usione haya: kudai haki si kuombaomba.