Aliye Dhaifu Atangulie

Msikilizaji, ndugu wanaotoka Kahama kwenda Geita kwa baiskeli wamwache aliye dhaifu aongoze, ili wote waende kwa mwendo anaoumudu. Katika njia tambarare upepo ndio unaokula nguvu: mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 20, nguvu za kuushinda upepo huongezeka zaidi ya mara mbili. Wapo watakaosema mwenye nguvu akitangulia humkinga mwenzake. Ni kweli, lakini kinga hiyo hudai kufuatana karibu mno, na baiskeli iliyosheheni mzigo haisimami ghafla. Tena kaka aliye mbele hamwoni mdogo wake akiachwa nyuma, peke yake, malori yaendayo migodini yakimpita. Hilo ndilo ninalolihofia zaidi. Waondoke kukishapambazuka, wafuatane mstari mmoja kushoto mwa barabara, na maji ya kunywa yawe tele.