Uongozi wa Hospitali kwa Macho ya Mgonjwa

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya)



Mgonjwa afikapo hospitali huonana na karani wa mapokezi, muuguzi na tabibu. Mganga mfawidhi na katibu wa afya huenda asiwaone kabisa. Hata hivyo, atashinda kutwa nzima kwenye benchi au atahudumiwa mapema, atapata dawa dirishani au ataambiwa akanunue nje: mengi ya hayo viongozi hao wamekwisha kuyaamua kabla hajatoka nyumbani kwake. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza alama tatu za kuwapimia.

Alama ya kwanza ni dawa. Dawa haiishi ghafla. Hupungua siku hata siku, na leja huonyesha. Kiongozi hodari huingia stoo, hulinganisha leja na kilichomo rafuni, kisha huagiza Bohari ya Dawa mapema. Kiongozi dhaifu hungoja rafu iwe tupu, ndipo aseme kwamba Bohari haijaleta. Huenda ni kweli haijaleta. Lakini ninyi ulizeni: mliagiza lini, kiasi gani, na mlipokosa mlichukua hatua gani? Mwenye kazi yake atajibu kwa kufungua leja. Asiye na kazi yake atajibu kwa kukasirika.

Alama ya pili ni fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Utaratibu huo umewapa viongozi wa vituo nguvu, na umewapa ninyi wajibu. Kiongozi mwema hubandika mapato na matumizi ubaoni, na huwaita mpange pamoja naye. Mwingine huiita kamati siku ya kutia sahihi tu. Msitie sahihi hesabu msizozisoma.

Alama ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni malalamiko. Sanduku la maoni lililo tupu si ushahidi kwamba watu wameridhika; yawezekana wamekata tamaa. Nchini Uingereza, katika hospitali ya Stafford, wagonjwa waliteseka kwa kukosa uangalizi kati ya mwaka 2005 na 2009. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba bodi ilishughulikia mno malengo ya fedha, na haikusikiliza vya kutosha vilio vya wagonjwa na jamaa zao. Nchi ile ina mali nyingi kuliko yetu, lakini mali haikuziba pengo la uongozi usiosikiliza.

Wala uongozi mwema haungoji fedha nyingi. Utaratibu wa S tano, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, ulioanza kutumika Mbeya mwaka 2007, huanza kwa kuondoa visivyohitajika na kuweka kila kitu mahali pake. Faili la mgonjwa likipatikana upesi, foleni hupungua. Kazi ngumu ni ile S ya mwisho, maana kusafisha siku ya ugeni kila mtu huweza.

Tunawasihi basi mwafundishe wananchi mambo haya. Walipapo, wadai stakabadhi na kuitunza. Wakiwa na lalamiko, waandike tarehe, saa na idara. Waanze kwa msimamizi wa wodi, kisha mganga mfawidhi. Wasiporidhika, walete kwenu, na ninyi mlifikishe kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi, na kila mkutano wenu uanze kwa kuuliza yaliyopita yameishia wapi. Kiongozi hodari hatachukizwa na swali hilo, kwa kuwa litamsaidia kuona yale ambayo ofisini kwake hayaonekani.