Saa Tuliyoachiwa na Ndugu

Masomo: Kutoka 22:7-13, Luka 19:1-10



Sisi tunaosema nanyi asubuhi hii tuna jambo moja ambalo washirika wengi wanalijua: tunapenda saa za mkono. Tunazo kumi na moja nyumbani, na nane kati yake ni Seiko. Haikuwa hivyo zamani. Siku za kwanza za utumishi tulitafuta tu saa inayong'aa, yenye rangi ya dhahabu na jina la Uswisi. Tukisimama madhabahuni tulivuta mkono wa koti nyuma kidogo ili watu waione. Seiko tuliidharau, tukiiita saa ya walimu. Ile 5 iliyoandikwa usoni mwake tulisema ni bei yake, dola tano.

Kisha saa yetu ya dhahabu ikasimama, hata mwaka haukuisha. Fundi mmoja wa Birere aliifungua, akacheka, akatuonyesha plastiki iliyokuwa ndani. Akatuuzia Seiko 5 kuukuu, akatueleza kwamba ile 5 ni mambo matano ambayo kampuni iliahidi tangu 1963: ijikaze yenyewe mkono unapotembea, ionyeshe siku na tarehe katika dirisha moja, isiingize maji, kifungo chake kikae upande wa namba nne kisichome mkono, na chuma na mkanda wake vidumu. Haina betri. Ndani kuna kipande kizito kama nusu mwezi kinachozunguka ukitembea. Ukiiacha mezani siku mbili hivi, inasimama, ukiivaa, inaamka. Inakosea sekunde kadhaa kila siku, hatuwezi kuificha. Lakini ile kuukuu, kioo kimechubuka hata tarehe haisomeki vizuri, ilitembea. Tukaanza kuzitafuta nyingine, na kutafuta pia habari za aliyezianzisha.

Ni Mjapani, Kintaro Hattori. Alifungua duka Tokyo mwaka 1881, akiwa kijana, na mwaka 1892 akajenga kiwanda. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa lilipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, kiwanda kikateketea. Pamoja nacho ziliungua saa za wateja zilizoletwa kutengenezwa, karibu 1,500. Sisi wa Goma tuliokimbia lava ya Nyiragongo Januari 2002 tunajua siku kama hiyo: nani angekwenda kudai saa? Hata Kutoka 22 inamwachilia aliyetunza mnyama wa mwenzake, kama amekufa pasipo kosa lake. Hattori angeweza kunyamaza. Alitangaza kwamba kila aliyeleta saa yake apewe nyingine mpya, bure.

Hapo tukakosa usingizi. Maana kuna ndugu mmoja wa kanisa aliyekwenda kutafuta kazi Walikale, akatuachia Seiko 5 ya marehemu baba yake. Alisema, "Baba Mchungaji, huko wezi ni wengi, nitunzie." Kwetu hapakuwa na moto, wala mwizi hakuingia. Tuliipeleka sokoni, tukaongeza pesa, tukaibadilisha na ile ya dhahabu. Ndiyo, ile ile ya plastiki. Ndugu aliporudi tulimwambia ilipotea tulipohama nyumba. Na tukaongeza neno baya kuliko uongo: "Si ilikuwa Seiko tu?" Alijibu, "Ndiyo, Baba." Tangu hapo alikaa viti vya nyuma.

Mwezi uliopita tulikwenda kwake, na Mama Mchungaji. Tulisema kweli yote, tukaweka Seiko nne mezani, kwa sababu Zakayo alisema mara nne. Alinyamaza sana. Mkewe alituletea chai na sisi hatukuweza kuinywa. Mwishowe akachukua moja tu, ile ya kioo kilichochubuka, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akasema, "Si ya baba. Lakini nimesikia."

Ametupa ruhusa kuyasema haya redioni, jina lake lisitajwe. Ameomba tuongeze hili: saa ya baba yake ina uso wa bluu, na nyuma yake kuna msalaba mdogo uliochorwa kwa msumari. Aliyeinunua hana kosa. Ailete hapa redioni, nasi tutamlipa bei atakayosema.