Mita Moja, Milango Mingi

Katika ploti za kupanga kama zile za Mutuini, Dagoretti Kusini, wapangaji wanaochangia mita moja ya stima huumia bila kujua.

Tangu Aprili 2023, nyumba yenye wastani wa yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kwa hesabu ya miezi mitatu iliyotangulia, hutozwa bei nafuu kuliko zote. Kutoka 31 hadi 100 bei hupanda. Ukivuka 100, hupanda tena. Familia yenye balbu tatu na redio ingetosheka na 30. Lakini matumizi ya milango minane yakijumlishwa, wote hulipia bei ya juu. Nafuu iliyokusudiwa maskini inampita mlangoni!

Mpangaji amuulize mwenye ploti kuhusu mita ya Kenya Power kwa kila nyumba. Mita ndogo za ndani hugawa bili tu, bei haishuki.