Kumfuatilia Mgonjwa wa Saratani ya Damu Akiwa Nyumbani: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipia

Maelezo yaliyotolewa katika semina ya watumiaji wa huduma



Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kidijitali vinavyomwezesha daktari kumfuatilia mgonjwa wa saratani ya damu akiwa mbali. Lengo langu ni moja: mtu atakapowauzieni huduma hii, mjue la kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Shirika la Afya Duniani lilipoutaja UVIKO-19 kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, wagonjwa wa lukemia, limfoma na mayeloma walijikuta njia panda. Saratani hizi huuharibu mfumo uleule unaoulinda mwili, na dawa zinazozitibu huipunguza hata kinga iliyosalia. Kwenda kliniki kulikuwa hatari, na kutokwenda kulikuwa hatari. Ndipo katika nchi nyingi kliniki zikahamia kwenye simu: mgonjwa akapima joto na oksijeni nyumbani, akaandika dalili zake katika programu, daktari akazisoma kutoka mbali.

Faida yake si ndogo, na haikuisha na janga. Mgonjwa wa lukemia sugu anayemeza vidonge kila siku, na ambaye hali yake imetulia, anaweza kupima damu katika maabara ya karibu, akatuma majibu kwa simu na kuzungumza na daktari wake bila kusafiri. Kwa anayeishi Kigoma na kutibiwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, hiyo ni nauli, malazi na siku kadhaa za kazi zilizookolewa.

Hata hivyo, niruhusuni niwasimulie jambo la nyumbani. Mwaka 2020 mjomba wangu alikuwa akitibiwa limfoma kwa dawa za dripu, naye alikuwa amejiunga na huduma ya kufuatiliwa kwa simu, ya kulipia kila mwezi. Usiku mmoja, siku ya kumi baada ya dawa, mwili ulimchemka. Mkewe akaandika kwenye programu: 38.6. Jibu likaja papo hapo: “Asante, taarifa zako zimepokelewa.” Tukalala tukiamini kuna mtu aliyeziona. Muuguzi alizisoma saa tatu asubuhi. Mjomba alipona, lakini baada ya siku kumi na moja za wodini. Hatukudanganywa. Masharti yalisema, kwa herufi ndogo, kwamba taarifa husomwa saa za kazi tu. Sisi ndio hatukuuliza.

Funzo lake ni hili: kupokelewa si kusomwa. Kifaa hupima na programu husafirisha namba, ila anayeokoa maisha ni mtu anayeisoma namba hiyo na kuchukua hatua kwa wakati.

Kwa mgonjwa anayepata tibakemikali, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Hatari huwa kubwa zaidi, mara nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, seli nyeupe zinapopungua sana. Maambukizi yanaweza kumwelemea kwa saa chache tu; ndiyo maana hospitali hulenga kumwanzishia antibiotiki ndani ya saa 1 tangu afike. Kwa hiyo msingoje programu ijibu. Pigeni simu, nendeni hospitali, na mkifika semeni mara moja kwamba mgonjwa yuko kwenye tiba ya saratani. Wala msimpe parasetamoli kabla ya kumpima, kwa sababu inaishusha homa huku maambukizi yakiendelea.

Fahamuni pia mipaka ya vifaa. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso huyumbishwa na jasho na jua. Kile cha kwapani kwa kawaida husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu asipimwe kwa njia ya haja kubwa, kwani mchubuko mdogo tu unaweza kuwa mlango wa maambukizi.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinahitaji uangalifu zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hicho hakikuuona ulitokea karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko Weupe, na Februari 2021 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatoa tahadhari. Tena kifaa hicho hueleza ni asilimia ngapi ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Hakielezi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mgonjwa aliyepungukiwa damu, jambo la kawaida katika saratani hizi, anaweza kusoma 98 na bado akawa anahema kwa shida. Akihema kwa shida, aaminiwe yeye kabla ya namba. Wala kipima oksijeni hicho hakihesabu seli nyeupe. Kipimo cha damu cha maabara kinabaki palepale.

Basi, kabla ya kulipia, ulizeni haya, na majibu myadai kwa maandishi:

1. Nani anasoma vipimo vyangu, na saa ngapi? Je, usiku na sikukuu?
2. Kipimo kikivuka kiwango cha hatari, nani atanipigia, na ndani ya muda gani?
3. Intaneti ikikatika au kifurushi kikiisha, ipo namba ya simu ya kawaida?
4. Kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
5. Daktari anayenitibu anaifahamu huduma hii, na atayaona matokeo?
6. Taarifa zangu zitahifadhiwa wapi, nani ataziona, na nikijitoa itakuwaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Msikubali kuzitoa kwa kubonyeza tu “nakubali”.
7. Gharama yote ni kiasi gani, na nikisitisha narudishiwa nini?

Mtoa huduma mwaminifu hataudhika kwa maswali haya. Akishindwa kulijibu la kwanza, hifadhini fedha zenu. Nunueni kipimajoto kizuri, bandikeni ukutani namba ya wodi ya hospitali yenu, na wekeni akiba ya nauli ya usiku.

Nawatakia wagonjwa wetu afueni.