Kofia ya Mtoto: Mwaka Mmoja wa Kufuma Nyumbani

  

Leo tutazungumza juu ya kroshia. Najua utaniuliza, "Sista, kroshia na afya zinahusiana vipi?" Ngoja kidogo. Karibu kila nyumba ninayotembelea ina kitambaa cha kroshia, kiwe juu ya kiti, juu ya redio au juu ya mtungi. Mimi pia ninafuma. Sindano yangu yenye ndoano huwa ndani ya mkoba pamoja na kadi za kliniki. Nikisubiri gari, nafuma. Nikikaa na mama anayesubiri uchungu, nafuma. Kwa mwaka mzima mikono yangu hufuma vitu tofauti kulingana na majira, na kila kitu kimenifunza jambo la afya. Tuufuate mwaka huo pamoja.

Jilaal: kofia ya mtoto

Tuanze na Jilaal, kuanzia Januari hadi Machi. Jua ni kali, upepo umekauka, na mchana hata kivulini unatoka jasho.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kufuma ni kofia ya mtoto mchanga. Mtoto anapozaliwa huwa amelowa, na kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili. Anapoteza joto haraka, hata hapa kwetu kwenye joto. Ndiyo maana tunasema: mkaushe mara tu anapozaliwa, mweke kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike, mvalishe kofia, na anyonye katika saa ya kwanza. Kumwogesha kusubiri angalau saa 24.

Mtoto mdogo sana, aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, anahitaji joto hilo zaidi. Huyu anakaa kifuani mwa mama mchana na usiku, amevaa nepi, kofia na soksi tu, na mama amemfunga kwa leso au garbasaar. Njia hii ilianza mjini Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, wakati hospitali huko haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa watoto joto. Leo inatumika duniani kote, na hata baba au nyanya anaweza kumpokea mama ili apumzike.

Basi nilifuma kofia nyingi, nikawagawia akina mama. Nilifurahi sana. Kisha alasiri moja ya Februari, mama mmoja alikuja kituoni akikimbia. Mtoto wake wa wiki tatu alikuwa mwekundu, analia kwa sauti ndogo, na mwili unachoma. Kipimo kilionyesha nyuzi 38.2. Alikuwa amefungwa blanketi na sweta, na kichwani alikuwa na kofia ya sufu niliyoifuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulimvua. Tukamweka penye hewa, akanyonya. Lakini hatukusema, "Ni nguo tu, nenda nyumbani." Homa kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili ni dalili ya hatari, kwa hiyo alichunguzwa kama mgonjwa hadi daktari aliporidhika. Alipona, alhamdulillahi. Mama yake akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sista, si wewe ulisema nimvalishe kofia?"

Kweli nilisema. Ila sikumwambia lini aivue.

Kwa hiyo leo nakuambia wewe. Mtoto mchanga sana, mtoto mdogo wa uzito, na usiku au alfajiri ya baridi: kofia. Mtoto mwenye afya na uzito mzuri, mchana wa joto ndani ya nyumba ya mabati: hapana kofia ya sufu, hapana blanketi. Mvalishe nguo moja nyepesi ya pamba. Ukitaka kujua, gusa kifua na miguu. Miguu ikiwa baridi, mwongezee nguo. Kifua na shingo vikiwa na joto na jasho, mpunguzie. Siku hizi kofia ninazogawa nafuma kwa uzi wa pamba, na kila moja naitoa pamoja na maneno haya.

Na joto likizidi, usimpe mtoto wa chini ya miezi sita maji, wala maji ya sukari, wala maziwa ya ngamia. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata Jilaal. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama ndiye unywe maji mengi.

Gu: kitambaa cha mtungi

Aprili mvua za Gu zinafika. Malisho yanaota, maziwa yanaongezeka, na nzi nao wanaongezeka. Huu ndio wakati ninaofuma vitambaa vya duara vya kufunikia mitungi na majagi ya maziwa, vile vyenye shanga pembeni ili visipeperuke. Vinapendeza mno.

Lakini angalia kitambaa hicho vizuri. Kina matundu. Nzi aliyetoka chooni akikaa juu yake, miguu yake inafika kwenye maziwa. Vumbi nalo linapita. Basi funika kwanza kwa kifuniko au sahani, kisha weka kitambaa chako juu kwa urembo. Na kitambaa chenyewe kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, kwa sababu maziwa yakikaukia kwenye uzi yanawaita nzi.

Maji ya mtoni na ya bwawa yachemshe au uyatie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Maziwa pia yachemshe. Mtoto akihara, mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na mpeleke kituoni. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma mapema, kwa hiyo usiache njiani. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au kukiwa na damu, usisubiri kesho.

Hagaa: soksi, glavu na sweta

Kuanzia Julai hadi Septemba ni Hagaa. Upepo unavuma, vumbi linapanda, na alfajiri kuna baridi. Hapa ndipo kila nyanya ananiomba sweta na soksi za mjukuu.

Sikiliza jambo hili, maana wengi hawalijui. Geuza soksi au glavu ya mtoto ndani nje kabla ya kumvalisha. Ukiona uzi mrefu unaning'inia, ukate. Uzi huo unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukibana kama kamba. Damu haipiti, kidole kinavimba na kuwa chekundu, kisha cheusi. Mtoto hawezi kusema. Analia tu, na sisi tunadhani ni tumbo. Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue nguo zote na uangalie vidole vya mikono na miguu, kimoja kimoja. Ukikuta uzi umebana na hautoki kwa urahisi, kimbia kituoni.

Vilevile, usiweke kamba ya kufungia shingoni, kwa kuwa inaweza kumnyonga. Usishone vifungo vidogo wala shanga kwenye nguo ya mtoto, kwa kuwa atavivuta na kuvimeza. Blanketi lenye matundu makubwa linashika vidole, basi fuma mishono iliyobanana. Na sindano na mkasi viwekwe juu, mtoto anayetambaa asivifikie.

Hagaa pia ni wakati wa kikohozi. Sweta haizuii nimonia peke yake. Mtoe mtoto kwenye moshi wa jiko, mpe chanjo zake zote, na ujifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mpandishe nguo uangalie kifua kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, nenda kituoni mara moja, hata usiku.

Deyr: kufumua na kuanza upya

Oktoba mvua za Deyr zinaanza. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilituletea homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa, na tangu wakati huo tunakumbushana: mifugo ikiugua, usiichinje wala kula nyama yake, na lala ndani ya chandarua chenye dawa. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Hata uzi uliadimika Suuq Mugdi. Nilichukua sweta yangu kuukuu, nikaifumua, nikapata uzi wa kofia. Lakini mama mjamzito hawezi kungoja barabara ifunguliwe. Kama unatarajia kujifungua msimu wa mvua na uko mbali, sogea mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

Wakati huo nilikuwa nikimtembelea mama mmoja aliye katika siku zake arubaini. Zamani alikuwa fundi kunishinda. Nilimkuta ameshika sindano na mshono mmoja tu. Alikuwa anafuma mstari, anafumua, anafuma tena. Mtoto alikuwa analia pembeni na yeye hasikii. Jamaa walisema amechoka. Wengine walisema ni uvivu, wengine jini. Nikaketi naye, nikatoa kazi yangu, tukafuma kimya kimya. Baada ya muda mrefu akasema, "Sista, silali hata mtoto akilala. Naona afadhali nisingekuwepo."

Mama, maneno hayo si ya kupuuzwa hata siku moja. Huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua. Unampata tajiri na maskini, mwenye imani na asiye nayo. Dua ni nzuri, na matibabu pia yapo. Huzuni ikizidi wiki mbili, mama akikosa usingizi au hamu ya kula, akimkwepa mtoto wake, mpelekeni kituoni. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe siku hiyo hiyo. Mama huyo alitibiwa, na mama mkwe wake alimsaidia kumlea mtoto usiku. Kufuma pamoja hakukumtibu, lakini kulimpa nafasi ya kusema. Basi mkikutana alasiri na nyuzi zenu, mwiteni na yule aliyejifungia ndani.

Mambo ya kukumbuka

1. Kofia ni ya mtoto mchanga, mtoto mdogo wa uzito na wakati wa baridi. Mchana wa joto, ivue.
2. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni ya kupelekwa kituoni, hata kama unadhani ni nguo.
3. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, hata Jilaal.
4. Kifuniko kwanza, kitambaa cha kroshia baadaye.
5. Geuza soksi na glavu, kata nyuzi, angalia vidole.
6. Mama aliyenyamaza baada ya kujifungua anahitaji mtu wa kuketi naye, na anahitaji matibabu.

Kabla sijaaga, nawe mfumaji ujitunze. Keti penye mwanga, egemeza mgongo, na kila baada ya muda weka sindano chini, nyoosha vidole na uangalie mbali ili macho yapumzike.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Ukikutana nami njiani nikiwa na uzi mkononi, nisimamishe uulize swali lako. Hadi kipindi kijacho, Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu. Nabad gelyo. Kwaherini.