Kabla ya Kuulaumu Wembe

Juma hili nitazungumza juu ya wembe. Siyo zile nyembe za dukani za kutumia na kutupa, bali ule wa zamani wa kukunja, ambao kinyozi aliupitisha kwanza kwenye ukanda wa ngozi ndipo amguse mteja shavuni.

Mmoja nilirithi kwa marehemu baba. Ulitengenezwa Solingen, Ujerumani, mji uliosifika kwa nyembe kama ulivyosifika Sheffield wa Uingereza. Nilipoanza kuutumia ulikata vizuri kwenye ncha na shinani, karibu na mpini, lakini katikati uling'oa ndevu badala ya kuzinyoa. Nikachukua kinoo chetu cha jikoni, nikaanza kukandamiza pale pale palipokataa, kwa ukingo wa kinoo. Jioni tatu nzima! Siku ya nne niliutazama kwenye mwanga, nikaona makali yamebonyea ndani kama hilali. Moyo ukaniruka.

Nikampelekea mzee mmoja aliyestaafu unyozi. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza shida yangu, aliugeuza wembe mara moja tu, akauliza: "Kinoo kiko wapi, mwanangu?"

Kesho yake nikakileta. Alikichora mistari ya penseli juu yake, akatandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo, akakisugua hapo. Mistari ya pembeni ikafutika, ya katikati ikabaki. Akacheka. "Kinoo chako kina shimo. Katikati ya wembe hapakuwa panagusa jiwe. Umemwadhibu asiye na kosa."

Akaendelea kukisugua mpaka mistari yote ikafutika, kisha akanifundisha. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa kuwa mgongo ndio unaopima mwinamo. Haukandamizwi. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye ukanda wa ngozi hutangulia mgongo, la sivyo utaukata ukanda. Ukitaka kujua jiwe linagusa wapi, paka wino kwenye makali, pitisha mara mbili, halafu tazama: wino uliposalia, jiwe halijafika. Na kama jiwe limenyooka lakini wembe wenyewe umepinda kidogo, uvute kwa mshazari, kutoka shinani hadi kwenye ncha, kila sehemu ipate zamu yake.

"Na hili pengo, mzee, tutalizibaje?" nikauliza.

"Pengo la chuma halizibiki. Kilichoondoka kimeondoka. Tutapunguza pande mbili zilizobaki juu mpaka zilingane na hapo ulipoharibu wewe."

Maneno hayo yaliniuma, wasikilizaji. Kosa langu la jioni tatu lililipwa na sehemu zile zilizokuwa nzima. Tulinoa polepole, kwanza kwa jiwe la chenga kubwa, halafu kwa mawe laini zaidi na zaidi. Ulipomaliza kunyooka, wembe ulikuwa umepungua upana kuliko baba alivyoupunguza kwa miaka yote aliyoutumia. Lakini sasa unanyoa, tena kwa upole.

Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kumkandamiza mtu asiyefanya vizuri, awe mtoto shuleni au kijana anayejifunza kazi karakana, hukumbuka ile mistari ya penseli. Huenda somo, au sisi wafundishaji, ndio tulio na shimo katikati, naye hajaguswa hata siku moja. Tukimkandamiza yeye, tutakachokiondoa hakitarudi, na wenzake watapunguzwa ili walingane naye.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nililia nikapewa, nikajifunza. Nanyi mkipewa, kitazameni kinoo kwanza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.